Maswali Yenu: Macho Wazi, Akili Imelala

Tuliwaomba wasomaji wanaofanya kazi usiku watuulize lolote kuhusu usingizi. Barua zimetushinda wingi. Hizi nane tumezichagua kwa sababu zinabeba maswali ya wengine wengi, na baadhi tumezifupisha.

SWALI: Mimi ni dereva wa semi, napeleka mizigo Tunduma. Safari iliyopita niliondoka Makambako saa nane usiku, nikaja kushtuka nipo Chimala. Igawa sikumbuki nimeipita vipi. Utingo anaapa macho yangu yalikuwa wazi na gari lilikaa upande wake. Je, nililala? (Dereva, Mbeya)

JIBU: Ndugu dereva, hapo kuna mambo mawili yanayofanana sura. La kwanza ni mazoea. Barabara umeipita mara mia, mikono na miguu inajua kazi yake, na ubongo hauoni haja ya kuhifadhi kumbukumbu. Ng'ombe akikatiza unakanyaga breki kama kawaida. La pili ni lepe. Tumezoea kusema "sikupata hata lepe la usingizi", na lepe hilohilo ndilo linalotoa roho za watu barabarani: usingizi wa sekunde 1 hadi 15 unaoingia bila hodi, wakati mwingine macho yakiwa kodo. Taa za gari linalokuja zinaingia jichoni sawasawa. Lakini kile kituo cha katikati ya ubongo kinachopokea habari za macho na masikio kabla ya kuzigawa kinakuwa kimepunguza kazi. Jicho limeona, wewe hujaona.

Kusahau Igawa peke yake hakuthibitishi kwamba ulilala. Ushahidi wa lepe utafute kwenye gari na mwilini. Umegusa rasta au ukingo wa lami ukarudisha usukani kwa nguvu? Shingo ilianguka ikashtuka? Ulijikuta na gia isiyolingana na mlima, au mwendo umeshuka kutoka 70 hadi 55 bila wewe kuamua? Bango la barabarani lilionekana limetokea ghafla puani? Moja tu kati ya hayo linatosha. Naye utingo asikwambie macho yalikuwa wazi, aangalie kope. Kupepesa kwa kawaida hakufiki nusu sekunde. Kope ikianza kushuka polepole na kukaa chini kidogo kabla ya kupanda, lepe liko njiani.

Hesabu yake ni hii. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Lepe la sekunde 4 ni mita 89, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Kichwa cha gari kikiwa kimeelekea pembeni kwa nyuzi 3 tu, ndani ya mita hizo 89 gari limehama zaidi ya mita 4 na nusu, yaani limeshatoka kwenye upande wake na kuingia wa mwenzako. Ndiyo maana ajali za usingizi mara nyingi hazina alama ya breki kwenye lami. Hapakuwa na mtu wa kuikanyaga.

Saa uliyoondoka nayo inakushitaki. Usingizi unasukumwa na vitu viwili. Kimoja ni muda uliokaa macho: kadiri unavyokesha, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya ubongoni na kukuvuta chini. Kingine ni saa ya mwili, ambayo hushuka kabisa kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, kisha ikashuka tena kidogo kati ya saa saba na saa tisa mchana, uwe umekula ugali au hukula. Aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi, akashinda kwenye kupakia na kusubiri karatasi, akaingia barabarani usiku, vyote viwili vinamwangukia pamoja. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walilinganisha waliokesha na waliokunywa pombe. Baada ya saa 17 za kuwa macho, uwezo wa mkono kufuata jicho ulikuwa sawa na wa mtu mwenye miligramu 50 za pombe katika mililita 100 za damu. Baada ya saa 24 ulikaribia miligramu 100, na nchi nyingi zina sheria za kumkamata mtu kabla hajafika huko.

Cha kufanya? Kufungua dirisha, kuongeza muziki na kumwaga maji usoni ni kujidanganya. Vinakupa dakika chache za uchangamfu, na ubaya wake ni kwamba katika dakika hizo unaamini umepona. Kinachofanya kazi ni hiki. Ingia kwenye maegesho ya malori au kituo cha mafuta, usipaki ukingoni mwa lami. Kunywa kahawa yenye kafeini ya miligramu 150 hadi 200 kwa haraka. Ukitumia ile ya kuyeyuka, ni vikombe viwili vikubwa vyenye kijiko cha chai kilichojaa kila kimoja, au zaidi kidogo. Halafu weka kengele ya simu dakika 20 na ulale hapohapo. Usingoje kahawa ikuchangamshe kwanza, kwa sababu inahitaji dakika 20 hadi 30 kufika ubongoni, na huo ndio muda wako wa kulala. Usingizi unapunguza adenosini, kahawa inaziba mlango wa ile iliyobaki. Hata kama hukulala kabisa, ukasinzia tu nusunusu, inasaidia. Ukiamka shuka, zunguka gari, gonga matairi, na usiwashe safari kabla ya dakika 15 kupita.

Hiyo inakununulia saa moja, pengine mbili. Haikufikishi Lubumbashi.

SWALI: Kaka yangu analala kwa muda wa saa nne au tano tu kila usiku na anasema mwili umezoea. Tulijipima kwa kudaka rula, akanishinda mimi ninayelala kwa saa nane nzima. Je, yeye ndiye mwenye haki? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Kipimo cha rula ni kizuri, ila mmekipa kazi isiyo yake.

Kwanza tukifanye vizuri. Rula ya sentimita 30. Anayepimwa aegemeze mkono mezani, vidole vitokeze nje, dole gumba na cha shahada viachane sentimita 2. Mwenzake ashike rula juu, sifuri ikiwa katikati ya vidole hivyo, aiachie bila kuhesabu na bila kutikisa bega. Soma sentimita pale ilipodakwa. Rudia mara 12, tupa mbili za mwanzo, tafuta wastani. Rula iliyoanguka sentimita 15 imetumia sekunde 0.17, sentimita 20 ni 0.20, sentimita 25 ni 0.23. Makosa ya kawaida ni matatu: vidole kuachana tofauti kila mara, anayeachia kuzoeleka mpigo wake, na anayedaka kuotea. Aliyedaka kwenye sentimita 5 hakuwa hodari, aliotea. Hilo lifute.

Sasa, kwa nini kaka alishinda? Kwa sababu mchezo mmoja wa rula ni sekunde chache zenye ushindani na kelele, na mtu mwenye usingizi anaweza kujikaza kwa muda mfupi akawa sawa na yeyote. Kukosa usingizi hakukufanyi kuwa mzito sawasawa wakati wote, kama injini iliyoishiwa nguvu. Kunakutoboa mapengo. Mara tisa unajibu vizuri, mara ya kumi haupo. Wastani unaficha pengo hilo, barabara hailifichi.

Kipimo kinachokamata mapengo kilitengenezwa na David Dinges na John Powell mwaka 1985, nacho kinachosha kwa makusudi. Kwa dakika 10 unatazama kisanduku kitupu. Namba zinatokea baada ya muda usiojulikana, kati ya sekunde 2 na 10, nawe unabonyeza. Aliyelala vizuri hujibu kwa karibu robo sekunde. Kinachohesabiwa hasa ni mara ngapi umechukua zaidi ya nusu sekunde. Kuna programu za simu zinazofanya hivyo. Simu yenyewe huongeza ucheleweshaji wake, kwa hiyo usilinganishe simu yako na ya kaka. Kila mmoja ajilinganishe na nafsi yake, simu ileile, saa ileile, siku aliyolala vizuri na siku ambayo hakulala. Dakika zote 10 zitimizwe. Mambo huharibika baada ya dakika ya nne au ya tano, pale mchezo unapoacha kunoga.

Kuhusu kuzoea, mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake huko Pennsylvania waliwaweka watu wazima 48 wenye afya kwenye maabara. Kwa siku 14 mfululizo wengine walipewa saa 8 kitandani, wengine 6, wengine 4. Wa saa 6 walizidi kuharibika siku hadi siku, na mwisho wa wiki mbili walikuwa na mapengo sawa na mtu aliyekesha usiku mzima. Wa saa 4 walifikia kiwango cha aliyekesha siku mbili. Jambo la kuchukua hapo ni hili: walipoulizwa wanajisikiaje, hali yao ilionekana kutulia baada ya siku chache. Walisema wanasikia usingizi kidogo tu. Yaani kipimo kinashuka kila siku, na mwenye kupimwa anaona mambo yanakwenda. Kaka yako hasemi uongo. Chombo anachojipimia ndicho kilichoharibika.

Wapo watu wachache mno wenye mabadiliko ya jeni wanaotosheka na saa 6 au pungufu maisha yao yote. Dalili yao ni kwamba hata sikukuu, bila kengele, wanaamka wenyewe mapema. Kaka analala hadi saa ngapi siku ya Jumapili?

SWALI: Mimi ni mlinzi, miaka 58. Nalinda usiku na mchana nina kibarua cha bustani. Siku hizi karibu na alfajiri naona mtu anapita pembeni ya jicho, nikimulika hayupo. Juzi mti wa mwarobaini uliinama kama unanisalimia. Wenzangu wanasema lindo lile lina mashetani. (Mlinzi, Morogoro)

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Kabla hujahamishwa lindo, tuambie: kwa siku tatu zilizopita umelala saa ngapi jumla? Kwa ratiba uliyotuandikia katika sehemu ya barua tuliyoikata, tumepata saa 9. Mtu wa umri wako anahitaji saa 7 kwa siku moja.

Macho ya mtu aliyekesha hufuata ngazi zinazojulikana. Kwanza vitu vinabadilika umbo: ukuta unapumua, mti unasogea, umbali unadanganya. Kivuli cha pembeni ya jicho kinakuja mapema sana, kwa sababu pembeni jicho halioni vizuri hata mchana. Ubongo ndio hujazia picha, na ubongo uliochoka hujazia vibaya. Baada ya siku ya pili na kuendelea mtu huanza kuona vitu kamili visivyokuwepo, na kusikia jina lake likiitwa. Kuanzia mwishoni mwa 1963 hadi Januari 1964 kijana wa miaka 17 wa San Diego, Marekani, Randy Gardner, alikaa macho saa 264. Siku ya nne aliona bango la barabarani akadhani ni mtu. Yeye alikuwa mjini, kwenye taa. Wewe uko gizani na tochi.

Kuna sababu nyingine ya alfajiri hasa. Mtu anayesinzia akiwa ameketi huingia ndotoni huku macho yakiwa nusu wazi, na ndoto inapakwa juu ya kile anachokiona. Mti wa kweli, kuinama kwa ndotoni.

Hatukwambii uache kibarua, tunajua kwa nini kipo. Lakini kisogeze. Ukitoka lindoni saa kumi na mbili, kula kidogo, lala hadi saa tano au saa sita, kibarua kifanyike alasiri, kisha lala tena dakika 90 kabla ya kwenda lindoni. Chumba cha bati huanza kuchemka saa nne asubuhi, kwa hiyo tafuta upande usiopigwa na jua la asubuhi, tundika blanketi au kanga mbili dirishani, simu iwe kwa mtu mwingine. Kofia iliyoshushwa machoni nayo inafaa kuliko wengi wanavyodhani. Lindoni, kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku, usikae. Na ukiona mtu, mulika, sema kwa sauti, hesabu hadi tano kabla ya kuchukua hatua yoyote, hasa kama una silaha.

Ukilala saa 7 kwa siku nne mfululizo na watu hao bado wapo, au wakianza kukupa amri, au una homa, au umeacha pombe ghafla baada ya kuinywa miaka mingi, nenda hospitali. Hapo si usingizi tena.

SWALI: Ni muuguzi wa wodi. Saa kumi usiku namba kwenye faili zinaonekana mbilimbili na nasoma mstari mmoja mara tatu. Nitajuaje kama nimefanya kosa? (Muuguzi, Kisumu)

JIBU: Dada, mara nyingi hutajua, na ndiyo sababu kinga isitegemee wewe kujihisi.

Namba mbilimbili zina maelezo ya kawaida. Misuli inayoshikilia macho mawili yatazame sehemu moja hulegea kwa kukosa usingizi, kila jicho likaenda kivyake kidogo. Machozi nayo hupungua, jicho likakauka na ukungu ukaingia. Kuruka kwa jicho kutoka neno hadi neno kunakuwa kwa polepole. Tone la maji machoni litasaidia hilo la ukavu tu. Kusoma mara tatu ni jambo jingine: hapo chembe za ubongo zenyewe zinachelewa. Mwaka 2017 watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa kifafa huko Los Angeles ambao tayari walikuwa na nyaya ndogo ubongoni kwa ajili ya matibabu. Walipokesha, chembe za ubongo ziliitikia picha kwa uvivu na kwa udhaifu muda mfupi kabla ya mtu kuchelewa kujibu. Sehemu ya ubongo inalala huku mwenyewe anazungumza na wewe.

Tazama dripu. Mililita 500 kwa saa 4, seti ya matone 20 kwa mililita: 500 mara 20 gawa kwa dakika 240, ni matone 42 kwa dakika. Wengi mnahesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne. Lepe la sekunde 2 tu katikati linakula tone moja na nusu, unapata 9 badala ya 10 na nusu, unaandika 36. Unafungua kigurudumu ili kufidia upungufu ambao haupo. Sasa mgonjwa anapata karibu matone 49, na chupa itaisha zaidi ya nusu saa kabla ya wakati. Kwa mtu mzima aliyepungukiwa maji huenda lisiwe neno. Kwa mtoto, au kwa dawa iliyochanganywa humo, ni neno kubwa.

Kwa hiyo baada ya saa nane usiku: hesabu sekunde 60 kamili, mara mbili, na majibu yakitofautiana kwa zaidi ya matone mawili hesabu ya tatu ifanywe na mwenzako. Mahesabu ya dozi za alfajiri yafanye na kuyaandika kabla ya saa sita usiku, ukiwa bado na akili yako. Andika 0.5 yenye sifuri mbele, wala usiandike 5.0, kwa kuwa nukta ndicho kitu cha kwanza jicho chovu kupoteza. Insulini, potasiamu na dawa za maumivu makali zisomwe kwa sauti na mtu wa pili, naye asome kutoka kwenye chupa, asirudie tu ulichosema.

Mkigawana zamu ya kupumzika, dakika 20 hadi 30 kati ya saa saba na saa tisa usiku zinatosha. Ukilala saa nzima utaamshwa kutoka kwenye usingizi mzito, na kwa dakika 15 hadi 30 utakuwa mbaya kuliko ambaye hakulala. Anayeamshwa asikabidhiwe sindano mara moja.

Tunajua msimamizi anaweza kusema hakuna wa kuziba nafasi. Mwonyeshe hili: mwaka 2004 huko Boston, wanagenzi wa udaktari katika wodi ya wagonjwa mahututi walipofanya zamu ndefu za kawaida yao walikuwa na makosa makubwa asilimia 36 zaidi ya walipofupishiwa zamu.

SWALI: Boda usiku inalipa. Natafuna miraa na kushushia kopo mbili za kinywaji cha kuongeza nguvu, sisinzii kabisa. Tatizo liko wapi? (Mwendesha boda, Meru)

JIBU: Tatizo liko saa kumi na moja alfajiri, kaka, vikishaisha mwilini.

Miraa ina kathinoni, inayofanya kazi kwa namna ya amfetamini. Inaondoa hisia ya usingizi. Deni la usingizi haijalilipa, na jioni ijayo itakuwa imekuzuia kulilipa, kwa sababu mtafunaji halali mchana. Inapanua mboni za macho pia, kwa hiyo taa kali za gari linalokuja zinakupofusha zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Inakupa kujiamini, na hilo kwenye pikipiki tunaliogopa kuliko usingizi wenyewe. Vile vinywaji vya kawaida vina kafeini miligramu 32 kwa kila mililita 100, hivyo kopo mbili za mililita 250 ni 160. Nusu yake bado imo kwenye damu baada ya saa 5 hivi. Ukinywa saa tisa usiku, saa mbili asubuhi unajigeuza kitandani.

Ukitaka kafeini ikufae, kunywa ya kwanza saa nne usiku, ya mwisho isipite saa nane, na katikati ulale dakika 20 stendi, pikipiki imefungwa. Miraa ukivuka nayo kuingia Tanzania ni kesi ya dawa za kulevya, na hilo ni mbali na usingizi.

SWALI: Mwezi wa Ramadhani tuktuk nyingi hugongana jioni. Ni swaumu au ni usingizi? (Dereva wa tuktuk, Mombasa)

JIBU: Vyote, na haraka ya kuwahi futari juu yake. Usingizi hukatwa vipande: Tarawehe inamaliza usiku umeingia, daku inakuamsha karibu saa kumi. Aliyekaa barazani hadi saa saba usiku amebaki na saa tatu. Ukitoka Tarawehe nenda kitandani, maongezi yangoje Idi. Baada ya Adhuhuri lala kailula ya dakika 20 hadi 30, saa ambayo mwili wenyewe unaitaka. Chai kali ya daku usiizidishe kama unakusudia kurudi kulala baada ya Alfajiri. Na nusu saa ya mwisho kabla ya Magharibi acha nafasi mara mbili ya kawaida mbele yako. Hata wewe ukiwa mzima, wa nyuma na wa mbele si wazima.

SWALI: Mtoto ana wiki tano. Jana nilimimina chai ya moto nje ya kikombe, ikaniunguza, na sikuona hata ilivyotokea. (Mama, Zanzibar)

JIBU: Hongera mama, na pole. Usingizi uliokatwakatwa kila baada ya saa mbili hauhesabiki kama mzima hata jumla ikifika saa 7. Unachohitaji ni kipande kimoja cha saa 4 hadi 5 kisichoguswa: mnyonyeshe au ukamue, bibi au baba wa mtoto ampokee, nawe ulale chumba kingine. Sufuria ya maji yanayochemka asiinue aliyembeba mtoto mgongoni. Usikae kwenye kochi kumnyonyesha usiku ukiwa na lepe, kwani mtoto akibanwa kati ya mto na kifua cha mtu aliyelala anaweza kukosa pumzi. Na ikiwa mtoto analala lakini wewe usingizi hauji, siku zaidi ya chache, mwambie mkunga wako kliniki.

SWALI: Nina mabasi matatu. Kila basi la usiku lina madereva wawili, bado juzi mmoja amelipeleka basi porini. Nifanye nini zaidi? (Mmiliki, Arusha)

JIBU: Madereva wawili ni mwanzo mzuri. Lakini uliza yule wa pili anafanya nini wakati mwenzake anaendesha. Mara nyingi yuko kiti cha mbele anapiga soga, anatazama filamu ya abiria, au anasaidia vifurushi. Huyo hapumziki. Wakifika saa nane usiku na kubadilishana, unampa usukani mtu aliyechoka sawasawa na anayeuachia. Dereva wa pili awe na mahali pa kulala kweli, pa kunyooka, penye pazia, na kifunga macho na vizibo vya masikio. Kulala kwenye gari linalotembea ni kwa juujuu, kwa hiyo hesabu saa 4 za hapo kama pungufu ya hizo.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku Tanzania mwaka 2023, wamiliki wengi wanahesabu saa za usukani peke yake. Sheria ya Kenya inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuzidisha saa 8 za kuendesha ndani ya saa 24. Ulaya hulazimisha mapumziko ya dakika 45 baada ya saa 4 na nusu. Hizo ni saa za kuendesha. Wewe uliza saa za kuwa macho. Dereva aliyeamka alfajiri kupeleka watoto shule, akakagua basi mchana na kupanda saa mbili usiku, ana saa 15 mkononi kabla hajagusa gia. Weka kitabu getini chenye safu mbili: uliamka saa ngapi, na umelala saa ngapi ndani ya saa 24. Chini ya saa 5, asipande. Uchunguzi wa ajali nchini Marekani uliotolewa mwaka 2016 na taasisi ya usalama barabarani ya AAA ulikuta waliolala kati ya saa 4 na 5 walihusika kwenye ajali zaidi ya mara nne kuliko waliolala saa 7 au zaidi, na waliolala chini ya 4 zaidi ya mara kumi na moja.

Kitabu hicho kitajazwa uongo siku ya kwanza utakapomkata posho aliyeandika ukweli. Mlipe nusu siku, mpangie safari ya kesho.

Makabidhiano yawe saa sita usiku, kabla ya zile saa za alfajiri ambazo saa ya mwili hushuka kabisa, na yachukue dakika 20 basi likiwa limesimama: anayepokea aamshwe, anawe, atembee hadi mwisho wa basi na kurudi, aonyeshwe taa na breki. Na yule anayekoroma hadi abiria wanageuka, kisha akawa anakabwa pumzi na kushtuka usingizini, mpeleke hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo. Huyo anaweza kulala saa 9 na bado akawa na mapengo yaleyale.

Dawa za mafua pia ziulizwe getini. Zile zenye klorofeniramini, Piriton ikiwemo, zinasinzisha hata aliyelala vizuri, na dereva akimeza kidonge saa moja usiku atakuwa nacho barabarani hadi asubuhi.